Nyayo za Marala

Pwani imepata jina lake kwa kupwa kwa maji. Bahari inapojaa hapasalii ila ufuo mwembamba. Inaporudi nyuma ndipo huonekana ile ardhi ya kati, isiyokuwa nchi kavu wala bahari, ambayo watu wa visiwani huijua kwa miguu yao: pahala pa kuchokolea pweza, pa kufukia makumbi, pa kupanda mwani, na pa kuwafunza watoto mambo yasiyofundishwa chuoni.

Ng'ambo ya pili ya Bahari ya Hindi iko pwani nyingine ya namna hiyo, ambayo ina mengi ya kumwambia msomaji wa huku. Ni pwani ya mji wa Broome, kaskazini-magharibi ya Australia. Bamvua la huko ni kubwa mno. Tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 10, ilhali Unguja ni kama mita 4 tu. Katika ncha ya Minyirr, ambayo ramani za Kizungu huiita Gantheaume Point, umbali wa kilomita 6 hivi kutoka mjini, familia hufika na watoto wao, wakateremka majabali mekundu saa maji yakiwa yamekupwa sana, kutafuta nyayo za vidole vitatu zilizochapika katika mwamba. Waliokosea saa hurudi bila kuziona, na huridhika na mifano ya saruji iliyowekwa juu ya jabali. Mfano huo hutazamika wakati wowote. Nyayo zenyewe zina saa yake, na ufunguo wake anao bahari.

Nyayo hizo ni za dinosaria, na umri wake ni baina ya miaka milioni 127 na 140. Enzi hizo pahala pale palikuwa na mito iliyomwaga maji yake katika mchanga na matope, na Bahari ya Hindi yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa ikianza kufunguka. Wanyama walipita wakizama kidogo. Mchanga mwingine ukaja ukafunika. Tabaka juu ya tabaka, hata mchanga ukawa jiwe. Leo bahari hulikwangua jiwe lile na kuufunua ukurasa wa chini. Lakini bahari inayofunua ndiyo hiyo hiyo inayokula, na kila wayo unaoonekana leo umekwisha anza safari yake ya kufutika.

Sayansi ilichelewa kuzisoma. Mwaka 1967 wataalamu wawili, Edwin Colbert na Duncan Merrilees, waliandika juu ya nyayo za Minyirr na kuzipa jina la Kilatini, Megalosauropus broomensis. Lakini mnyama aliyeziacha alikuwa na jina zamani. Wenyeji wa pwani ile humwita Marala, Mtu-Emu; na emu ni ndege mkubwa asiyeruka, jamaa ya mbuni, ambaye mguu wake una vidole vitatu. Wao husimulia kwamba katika Bugarrigarra, zama za kuumbwa kwa nchi, ambazo kwao hazihesabiwi kuwa zimepita, Marala alitembea katika pwani ile akiwawekea viumbe sheria za mwenendo. Pale alipokaa kupumzika, manyoya ya mkia wake yalichapika ardhini. Mtaalamu wa visukuku akiyatazama manyoya hayo huona majani ya mimea ya kale. Wote wawili wametazama jiwe moja, na wote wawili wameona kwamba jambo kubwa lilipita hapo.

Safari ya Marala imehifadhiwa katika mfululizo wa nyimbo unaofuata pwani kituo kwa kituo: hapa pana maji matamu, hapa pamezikwa watu, hapa pana wayo. Mwenye kuujua wimbo anaijua njia, na mwenye kuikosa njia ameukosa wimbo. Kwa wapenzi wa ushairi hili si jambo la ajabu. Nahodha wa jahazi alizishika nyota na bandari kwa kumbukumbu, na shairi limebeba nasaba na vita pale karatasi ilipoliwa na mchwa. Ila kwa watu wa Minyirr wimbo haukutungwa juu ya nchi. Wimbo na nchi ni kitu kimoja, na kuuimba bila ya kutembea ni kuukata nusu.

Aliyelifahamu hilo kuliko wengi alikuwa mzee Paddy Roe, aliyezaliwa kiasi cha mwaka 1912 na kufariki mwaka 2001. Hakuwa mtu wa pwani ile kwa asili. Alikuwa Mnyikina wa bara. Alipofika na mkewe aliwakuta wazee wa pwani ambao kizazi chao kilikuwa kimepungua sana, nao wakamkabidhi sheria na nyimbo ili aitunze nchi baada yao. Mwaka 1987 alianzisha matembezi ya Lurujarri, njia ya kilomita 80 hivi inayokwenda kaskazini kutoka Minyirr kwa siku tisa. Familia yake hutembea pamoja na wageni, wazee kwa watoto, wakilala ufuoni na kupokea habari za kila kituo papo hapo penye kituo. Mzee Roe hakuwafungia wageni mlango. Aliona kwamba mtu aliyeitembea nchi hawezi tena kusema haina kitu.

Busara hiyo ilikuja kupimwa. Mwaka 2008 serikali ya jimbo la Australia Magharibi iliichagua Walmadany, kiasi cha kilomita 50 kaskazini ya Broome, kuwa pahala pa kujengea mitambo ya gesi na bandari yake. Watunza nyimbo, wanaojiita Goolarabooloo, waliwaita wanasayansi waje kuzitazama nyayo za huko kabla hazijafunikwa. Alikuja Steve Salisbury wa Chuo Kikuu cha Queensland na wenzake, wakaongozwa na wenyeji kutoka jabali hadi jabali, saa zote zikipangwa kwa kupwa na kujaa kwa maji. Walitumia zaidi ya saa 400 katika miamba. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2017 yalitaja aina 21 za nyayo, na miongoni mwake moja yenye urefu wa kiasi cha mita 1.7, ambayo mtoto mdogo angeweza kulala ndani yake akanyoosha miguu.

Si haki kuisimulia habari hii kana kwamba wenyeji wote walikuwa na kauli moja. Mwaka 2011 wengi wa wadai wa ardhi walipiga kura kuukubali mkataba wa mradi, wenye manufaa yaliyokadiriwa kuwa dola za Australia bilioni 1.5, nao walikuwa na sababu zao, kwani umasikini na shule na hospitali si mambo ya kubezwa na mtu aliyeshiba. Mwaka huo huo serikali ya shirikisho iliiingiza Kimberley ya Magharibi, pamoja na nyayo hizo, katika orodha ya urithi wa taifa. Aprili 2013 kampuni ya Woodside ikaachana na mpango wa kujenga Walmadany, ikieleza kuwa hauna faida ya kutosha. Nyayo zikasalimika. Lakini mwaka 2017 Mahakama ya Shirikisho iliamua kuwa haki ya jadi ya ardhi ile ni ya Wajabirr Jabirr, na dai la Goolarabooloo likakataliwa. Waliokabidhiwa wimbo hawakutambuliwa kuwa wenye nchi. Hapo ndipo penye swali zito la historia hii: urithi unashikwa kwa damu, au kwa kutunza?

Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wana kipimo chao cha swali hilo. Baina ya mwaka 1909 na 1913 mifupa ya dinosaria wa Tendaguru ilichimbwa na Wajerumani, ikabebwa na wapagazi vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, ikasafirishwa hadi Berlin, ambako mjusi mkubwa wa Tendaguru angali amesimama katika jumba la makumbusho. Mfupa huchukulika. Wayo hauchukuliki ila kwa kuvunja. Na waliojaribu wapo, kwani mwaka 1996 wezi walikata nyayo katika mwamba karibu na Broome wakaondoka nazo. Walichokwenda nacho kilikuwa jiwe. Mwendo wenyewe, yaani hatua iliyotangulia na hatua iliyofuata, ulibaki pwani ukiwa na pengo.

Kwa hiyo kumpeleka mtoto Minyirr kuna maana kuliko matembezi ya siku ya mapumziko. Mzazi hana budi kujua mwezi una siku ngapi na maji yatarudi saa ngapi. Hana budi kumwambia mtoto akanyage wapi na asikanyage wapi. Kisha mtoto huchutama, huweka mguu wake mdogo ubavuni mwa wayo, hupima, na huuliza ni nani aliyepita hapa. Jawabu ni mbili, na mzee mwenye hekima humpa zote. Kabla hawajamaliza kuzungumza maji yamekwisha anza kurudi, wayo unajaa, na wote hupanda jabali wakienda mbele ya bahari.