Meno ya Msumeno

Wengi hulichambua neno msumeno kuwa ni kisu chenye meno, na anayekwenda dukani kununua bledi mpya ya msumeno wa mkanda kwa karakana yake ya nyumbani afadhali aanzie hapohapo, kwenye meno. Urefu si shida, utaupima kwenye bledi ya zamani. Upana hufuata kazi: milimita 6 zitapinda na mchoro wa mgongo wa kiti, milimita 12 au zaidi zitapasua mninga ukanyooka.

Meno ndiyo yenye maneno. Huhesabiwa kwa inchi. Meno 3 au 4 kwa inchi yana mianya mipana ya kubebea unga wa mbao, ndiyo maana yanafaa kupasua ubao mnene. Ukiyapeleka kwenye ubao wa nusu sentimita, yataunyofoa. Walau meno 3 yawe ndani ya mti wakati wote. Yatazame kwa karibu: moja limelalia kushoto, jingine kulia, ili njia iwe pana kuliko bledi yenyewe na mti usiibane.

Methali yasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huo ni msumeno wa watu wawili, wa kukatia magogo. Wa mkanda hukata upande mmoja tu, kushukia mezani. Ukiifunga bledi mpya ukaona meno yanatazama juu, usiirudishe dukani: ipindue, upande wa ndani uwe nje, kisha uifunge upya.