Hesabu Si za Wenye Bando Peke Yao

Juzi mdogo wangu wa gredi ya 4 alifunga daftari akaniambia, "Kaka, mimi hesabu si zangu." Nikashangaa. Huyu huyu, akiuza maembe stendi hapa Garsen, mteja akichukua saba ya shilingi 15 na kutoa noti ya 200, chenji ya 95 iko mkononi kabla mimi sijafungua kikokotoo. Kichwa kiko sawa kabisa. Basi nani amemwambia hesabu si zake?

Nimechimba historia kidogo, na naona hivi: teknolojia ya kufunza watoto hesabu hufaulu ikimfuata mtoto alipo.

Tuanze 2013. Wanasiasa waliahidi laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Mradi ulipoanza 2016, laptopu ilikuwa imegeuka tableti. Wazo si baya, lakini kifaa kinataka stima, kinataka mwalimu aliyefunzwa kukitumia, kinataka hata kabati la kukifungia. Kwa shule ya kijijini, hiyo ni kazi.

Miaka hiyo hiyo Eneza walipita njia nyingine. Huduma yao ya Shupavu 291 ilituma masomo na maswali kwa SMS. Yaani mulika mwizi ya nyanya ikawa darasa, bila bando.

Januari 2014, Ubongo Kids ikaanza kwenye TV ya Tanzania, kutoka Dar es Salaam: katuni na nyimbo, hesabu kwa Kiswahili. Hapa ndipo panaponigusa. Mdogo wangu nyumbani anaongea Kipokomo, nje Kiswahili, lakini swali la hesabu linamjia kwa Kizungu. Saa zingine hajakosa jibu. Amekosa kuelewa swali.

Halafu kuna Tanga. Mwisho wa 2017, shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka tableti kwenye vijiji karibu 170. Zilichajiwa kwa sola, na zilifunza kusoma, kuandika na hesabu kwa Kiswahili, programu zikiwa ndani tayari. 2019, onebillion na Kitkit School wakashinda pamoja, wakagawana dola milioni 10. Wengi wa watoto hao hawakuwa wameenda shule kabisa, na bado walijifunza.

Sisi wa mto Tana tunalihitaji somo hilo. 2020 korona ilifunga shule. Mei 2024 mafuriko yakachelewesha kufunguliwa kwa shule nchi nzima, na hapa kwetu maji yakipanda, barabara inakatika. Mtoto asingoje maji yashuke ndio ajue kugawanya.

Kwa hivyo siku hizi nikipata mtandao mzuri, napakua video kadhaa za hesabu za Kiswahili. Jioni tunaziangalia kwa simu yangu, yeye na watoto wa jirani. Baada ya hapo namuuliza swali kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kizungu. Dakika 15 tu, hatuzidishi.

Kama una mdogo nyumbani, jaribu wiki hii. Simu unayo, na sauti yako anaijua.

Jana tulikata chapati vipande vinane. Akala vitatu, akaandika kwa daftari: imebaki 5/8. Halafu akauliza kama anaweza kuila na hiyo.