Nyumba si dala: tunachokosa kuona pale Kang'o ka Jaramogi

Watu wangu, tangu Raila Odinga azikwe Kang'o ka Jaramogi tarehe 19 Oktoba 2025, kila mtu anayepita Bondo anataka kufika pale. Anapiga picha kwa kaburi lake, anapiga ingine kwa kaburi la babake, Jaramogi Oginga Odinga, anapost, halafu anarudi Kisumu kula samaki. Sina ubaya na hilo. Lakini tunaangalia makaburi tunaacha boma, na boma ndilo lenye stori ya Siaya nzima.

Hebu tuanze na maneno. Kijaluo kina ot na kina dala. Ot ni jengo, mahali pa kulala. Dala ni boma lenye lango, nyumba za wake kwa mpangilio wao, simba za vijana karibu na lango, na makaburi ya wenyewe. Unaweza kuwa na ot Nairobi miaka thelathini na bado uulizwe dala yako iko wapi.

Tofauti hiyo ilifika mpaka Mahakama ya Rufani. Wakili S.M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika Upper Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukakataa, ukisema kwamba za mjini ni nyumba tu, si nyumbani. Kesi ilichukua miezi mitano, ukoo ukashinda, na Mei 1987 akazikwa Nyalgunga, hapa hapa Siaya. Mimi naona mjane alionewa. Lakini kesi ile iliwaonyesha Wakenya wote kwamba kwa Mjaluo, boma ni hoja ya kisheria kabisa.

Sasa kuna kitu ambacho wageni wengi hawajui. Dala ina umri. Kijana akikomaa anatoka kwa babake na jogoo na shoka, anaanzisha boma lake. Kitinda mimba anabaki. Wazee wakifa na vizazi vikihama, boma la zamani linaitwa gunda. Nyumba za udongo zinaanguka, ua wa ojuok unabaki, na watu wanalima pale kwa sababu udongo wake una rutuba. Hata Thimlich Ohinga kule Migori, ile kuta za mawe UNESCO iliingiza kwenye urithi wa dunia 2018, ni mabaki ya maboma ya aina hiyo.

Kwa hivyo kimila, boma halikuumbwa liwe makumbusho. Kang'o limegeuka makumbusho kwa sababu ya mwenyewe. Jaramogi alisoma Maranda, Maseno, Alliance na Makerere, akafundisha Maseno, halafu akaacha chaki akaingia biashara. Mwaka 1947 akaanzisha Luo Thrift and Trading Corporation, kampuni ya hisa za watu wa kawaida, na kampuni hiyo ikajenga Africa House mjini Kisumu wakati maduka mengi ya mji yalikuwa ya Wahindi. Akaingia bungeni 1957, akawa Makamu wa Rais 1964, akajiuzulu 1966 na kuunda KPU. Oktoba 1969, baada ya watu kupigwa risasi Kisumu siku Kenyatta alipokuja kufungua hospitali iliyojengwa na Warusi, KPU ilipigwa marufuku naye akawekwa kizuizini. 1982 tena, akazuiliwa nyumbani. Mtu aliyepigania dala yake ndiye aliyefungiwa ndani ya nyumba. Alifariki Januari 1994, na boma likabaki na kazi ya kutunza kumbukumbu.

Vizuri. Lakini Jaramogi hakudondoka kutoka mbinguni. Alizaliwa karibu 1911, katika nchi ambayo mpaka 1902 ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Serikali ya mkoloni ilipotoza kodi, ilihesabu ot, haikuhesabu dala. Mzee mwenye wake watatu alilipia nyumba tatu. Vijana walilazimika kwenda kwenye mashamba ya wazungu kutafuta pesa za kodi, wakibeba kipande. Mwaka 1920 Kenya ikatangazwa koloni, na watu wa Nyanza wakaogopa kwamba ardhi yao itaenda kama ile ya nyanda za juu.

Ndipo Desemba 1921, kule Lundha, Gem, walimu na vijana waliosoma Maseno, akina Jonathan Okwiri, Benjamin Owuor na Simeon Nyende, wakaitisha mkutano mkubwa. Walitaka kodi ishushwe, kipande kiondolewe, kambi za kazi zifungwe na ardhi ipewe hati. Vuguvugu hilo likaitwa Piny Owacho, yaani nchi imesema. Julai 1922 Gavana Northey akaja kuwasikiliza Nyahera. Kambi zikafungwa na kodi ikapungua. Wakati huo Jaramogi alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi.

Sasa niambie: kati ya watu waliopiga foleni Bondo, ni wangapi wamewahi kusikia Lundha? Hapo ndipo nina shida. Tumehifadhi boma moja kwa sababu lilitoa Makamu wa Rais na Waziri Mkuu, na maboma ya walimu na walipa kodi waliowafungulia njia yanalimwa mahindi. Siaya ina watu karibu milioni moja. Tukiendelea hivi, historia yao yote itakuwa historia ya familia moja, na hata familia hiyo haitaeleweka.

Sisemi kila gunda ijengewe ukuta na tiketi. Gunda iache ilimwe, ndiyo mila. Lakini kaunti iweke bango Lundha, na wewe ukienda ushago, muulize nyanya akuonyeshe gunda ya babu zako iko wapi, nani alizikwa pale, na walihama kwa nini. Rekodi na simu. Ile bando unatumia kupost kaburi la Jaramogi inatosha pia kwa hiyo. Na fanya haraka, kwa sababu wazee wanaojua mipaka ya gunda hizo wanapungua, na siku shamba likileta kesi, jibu lao ndilo utakalolitafuta.