Usiling'oe Kwanza: Stori ya Dirisha Uha, Kutoka Nyumba Isiyo na Dirisha Hadi Aluminiamu ya Rangi ya Mbao

Wadau, leo tuweke pembeni kidogo stori za nani kaachana na nani. Tuongee dirisha. Ndiyo, dirisha la nyumba.

Maana kila Desemba ni yaleyale. Mtu wa Kibondo au Kasulu anayetafuta maisha Dar au Mwanza anarudi nyumbani, anapiga picha nyumba ya wazazi, halafu swali linatua kwenye grupu la familia: "Haya madirisha ya mbao tuyatoe, tuweke ya kisasa?" Dakika mbili hazijaisha, watu saba wameshajibu "toa hayo". Hakuna aliyeuliza ni mbao gani.

Mimi nasema subiri kidogo. Dirisha lina historia fupi sana kule Uha, fupi kuliko unavyodhani, na ukiijua unaweza kubadili mawazo kuhusu kipi kitoke na kipi kibaki.

Tuanze na neno lenyewe. "Dirisha" asili yake ni Kiajemi, na bara lilipandishwa na watu wa pwani. Mrundi analiita idirisha, Mnyarwanda idirishya. Yaani ni Kiswahili kilichovaa kiambishi tu. Sasa linganisha na mlango. Kirundi, ambacho na Kiha ni mtu na ndugu yake, kinasema umuryango, na neno hilohilo ndilo linalomaanisha familia, ukoo. Hata sisi kwenye Kiswahili tunasema mlango wa fulani tukimaanisha tawi la ukoo wake. Kwa hiyo mlango ulikuwepo tangu enzi hizo, hadi ukoo ukapewa jina lake. Dirisha liliazimwa, na jina likaja nalo.

Na ndivyo ilivyokuwa kweli. Nyumba ya kale ya Muha ilikuwa msonge, duara, nyasi kutoka juu mpaka karibu na ardhi, mlango mmoja. Moto ulikuwa ndani. Moshi ulipenya taratibu kwenye nyasi, ukaziweka kavu na kufukuza wadudu. Watu wa mjini wakisikia hivyo wanasema "jamani, giza". Lakini fikiria: bila kioo na bila wavu, dirisha ni tundu tu. Linaingiza baridi, na ile milima ya Kasulu na Kibondo, zaidi ya mita 1,200 juu ya bahari, usiku wa Juni haina mchezo. Linaingiza mbu. Linaingiza mwizi, na zamani chui. Mtu aliyejenga bila dirisha hakuwa mshamba, alikuwa amepiga hesabu.

Halafu kuna jambo la kiufundi ambalo watu hawalisemi. Msonge hauna mahali pa kusimamisha fremu. Ukuta wake na paa ni kitu kimoja kinachopinda. Dirisha linataka ukuta wima ulionyooka, na ukuta wa namna hiyo unakuja na nyumba ya pembe nne. Kwa hiyo swali la "dirisha lilifikaje Uha" ni sawa na kuuliza nyumba ya pembe nne ilifikaje.

Ilianzia chini ziwani. Stanley alipomkuta Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, Ujiji tayari ulikuwa mji wa wafanyabiashara wa pwani, wenye tembe za kuta nene na baraza mbele. Ila usidhani kila nyumba ya Mswahili ilikuwa na madirisha makubwa. Hata Zanzibar na Lamu, hela ya mwenye nyumba ilionekana kwanza mlangoni: nakshi, misumari ya shaba, msaji kutoka ng'ambo. Dirisha lilifuata nyuma.

Mwaka 1914 reli ya Wajerumani ikafika Kigoma, na reli ndiyo iliyorahisisha bati, misumari na bawaba. Misheni zikapanda milimani, kama pale Kabanga, Kasulu, na majengo ya tofali yenye madirisha ya mbao, na vijana wakajifunza randa na msumeno. Waingereza nao, miaka ya 1930, waliwakusanya watu wa Uha kwenye makazi mapya kwa sababu ya malale. Hiyo ilikuwa mara mojawapo ya serikali kumwambia Muha akae wapi. Haikuwa ya mwisho.

Ya mwisho wazee wetu wanaikumbuka wenyewe. Operesheni ya vijiji iligusa Kigoma mapema, mwaka 1972, kabla hata Mwalimu Nyerere hajatangaza Novemba 1973 kwamba nchi nzima iwe imeingia vijijini ifikapo mwisho wa 1976. Watu walitoka kwenye mabonde na vilima vyao, wakapangwa kwa mistari kando ya barabara. Wengine waliacha migomba inayozaa. Hili si jambo la kulipamba. Lakini ukitaka kujua kwa nini vijiji vingi leo vina nyumba za pembe nne zinazotazama barabara, jibu kubwa liko hapo. Na nyumba inayotazama barabara inataka kuiona barabara.

Mwanzoni dirisha lilikuwa kitundu cha kuziba kwa ubao, au gunia. Kisha zikaja tofali za kuchoma. Na hapo ndipo mninga ulipoingia.

Hapa nitakaa kidogo, maana watu wengi wa umri wetu wanaujua mninga kwa bei ya kitanda tu. Huu ni mti wa miombo, misitu ileile inayoanzia milimani ikashuka mpaka mabonde ya Moyowosi na Malagarasi. Ukiuchanja unatoa utomvu mwekundu kama damu. Moyo wake, ile sehemu ya kahawia ya ndani, mchwa anauogopa. Ukikauka vizuri haupindi ovyo na haufinyi sana, na hiyo ndiyo sifa namba moja ya mbao ya dirisha, kwa sababu dirisha linalopinda halifungi. Kule mvua zinaanza karibu na Oktoba au Novemba mpaka Mei, halafu jua kali miezi minne au mitano. Mbao inalowa, inavimba, inakauka, inarudi. Mbao laini za kupandwa, zisipotiwa dawa, haziwezi huo mchezo miaka mingi. Mninga unaweza.

Lakini mti huo unachukua miongo mingi kufika saizi ya kupasua mbao. Aliyeukata mwaka 1980 alikata mti ambao huenda ulishaota kabla reli haijafika Kigoma. Siku hizi msitu umepungua: mashamba, mkaa, kuni za kuchomea tofali, na kambi za wakimbizi zilizojaa watu wanaopika kwa kuni kila siku. Nyarugusu ilifunguliwa 1996, na wimbi la Warundi la 2015 liliifikisha zaidi ya watu 150,000. Na tusiwatupie lawama wakimbizi pekee, wenyeji tumekata sana. Leo kuvuna kunataka leseni na kusafirisha kunataka kibali, sawa na Sheria ya Misitu ya 2002. Dirisha la mninga la mzee wako, lile grupu lilisema "toa hayo", ukienda kulinunua upya utakaa chini.

Baada ya hapo mambo yakaenda fasta. Nondo na grili za kuchomelea, kwa sababu ya wezi. Wavu wa mbu, na huu si urembo. Utafiti wa malaria wa taifa wa 2017 uliiweka Kigoma juu ya mikoa yote: asilimia 24 ya watoto wadogo waliopimwa walikutwa na vimelea. Ukinipa nichague kati ya kioo cha kumeremeta na wavu uliokaza vizuri, nachukua wavu, na wewe chukua wavu.

Kisha aluminiamu. Hii ilisubiri barabara. Kusafirisha vioo kwenye vumbi na mashimo ya Nyakanazi hadi Kasulu ilikuwa kama kubeba mayai kwenye bodaboda. Lami ilipoanza kuunganishwa, ikiwemo ile ya Kabingo, Kasulu mpaka Manyovu, kilomita zaidi ya 260, fundi wa aluminiamu naye akafika. Bati la msauzi juu, madirisha ya kuslaidi, marumaru barazani, picha mtandaoni. Kijana kafika.

Na sasa fasheni imezunguka. Wale waliokuwa wa kwanza kutoa mbao wanatafuta aluminiamu yenye rangi ya mbao. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wana dirisha la mseto: ndani mbao kweli, nje limevishwa aluminiamu au plastiki ili mvua isiguse mbao. Kampuni ya Andersen ya Marekani, iliyoanza 1903, ilianza kuvisha mbao zake plastiki miaka ya 1960. Ni wazo zuri, kwa sababu linakubali kwamba adui wa mbao yuko upande mmoja tu, wa nje. Hii ya rangi inayouzwa madukani kwetu ni kitu kingine. Ni picha ya mbao iliyobandikwa kwenye chuma. Ukiipenda, ipende kama rangi.

Sasa stori niliyoahidiwa niseme bila majina. Kuna bro mmoja, jina kapuni, yuko Dar, mambo yake si mabaya. Nyumba ya marehemu baba yake iko Kumsenga, kule Kibondo. Mama ndiye anayekaa. Madirisha matano ya mninga, baba alimpa kazi seremala wa jirani miaka ya themanini. Bro akatuma hela ya aluminiamu kwa yote matano. Fundi akapima, akataja bei, halafu akasema kwa upole sana: "Kaka, nitakupunguzia, ila hizi mbao kuukuu niachie mimi, nikawashie jiko."

Awashie jiko mninga wa miaka arobaini! Dada mtu ndiye aliyeshtuka, akapiga simu Dar. Ukaanza ugomvi wa wiki nzima. Bro anasema mnataka mama akae kwenye nyumba ya kizamani watu waseme mimi sijali. Dada anasema baba aliuza ng'ombe kwa ajili ya madirisha haya. Mdogo wao akaja na hoja ya mbu. Mwishowe mtu mmoja akakumbuka kumuuliza mama.

Mama akasema shida yake si mbao. Shida ni kwamba akifunga dirisha kwa sababu ya baridi, ndani giza, hata hajui nani kaingia uani mpaka abishe hodi. Basi. Alikuwa anaomba kioo, na watoto walikuwa wanagombania fremu.

Wakagawana. Sebule ilipata aluminiamu, bro alilipa na picha akapiga. Vyumba vilibaki na fremu za mninga. Seremala alitoa ubao wa kati kwenye kila shata, akaweka kioo, akapigilia wavu kwenye fremu nyembamba kwa ndani, akabadilisha kipande cha chini kilichooza kwenye dirisha moja. Juu ya kila dirisha, nje, akaweka ukanda wa bati uliokunjwa kumwaga maji. Huo ndio mseto wa Kibondo: mbao ndani, chuma kidogo mahali mvua inapopiga. Mbao zilizotoka sebuleni mama kazihifadhi chumbani kwake. Fundi hajazipata.

Kwa hiyo kama na nyie mko kwenye hilo swali, fanyeni hivi. Chukua kisu, choma fremu upande wa chini, pale maji yanapotuama. Kisu kikizama, hapo pameoza. Kikigoma, una mbao nzima iliyochakaa rangi tu, na randa na vanishi vinatosha. Ukikuta kahawia yenye mishipa ya dhahabu chini ya rangi kuukuu, usimruhusu mtu aondoke nayo. Dirisha likiwa la mbao laini na mchwa kashaingia, aluminiamu haina ubaya wowote, weka. Jua tu kwamba la kuslaidi likifunguka lote limefunguka nusu, na asubuhi ya baridi fremu yake inatoa jasho. Ukitaka mbao mpya, usikubali mbao mbichi hata kama fundi anaapa. Na paa lako litoke nje vya kutosha, maana dirisha lisilo na kivuli cha paa litaoza hata likiwa la mninga.

Haya, watu wa Kibondo, Kasulu, Kakonko, Buhigwe: madirisha ya nyumbani kwenu ni ya mbao gani, na mmeyafanyaje? Tupieni hapo chini.