Kuhama Nyumba Katika Nchi ya Shaba

Atokaye Lubumbashi kwa njia ya kaskazini, akaenda kilomita 30 hivi mpaka Kinsevere, hukutana njiani na watu wasukumao baiskeli, ambazo wenyeji huziita kinga, wamezifungia mifuko ya makala kimo cha mtu mzima. Na msomaji wa pwani asidhani kuwa mabwana hao wachukua maandiko ya magazeti, kwani makala katika Kiswahili cha Katanga ndiyo mkaa. Kinga hiyo hiyo ishushayo makala mjini alfajiri, alasiri huenda ukaiona imebeba godoro lililokunjwa, masufuria mawili yaliyoingizwa moja ndani ya jingine, na kinu kimening'inia ubavuni kama mtoto aliyekataa kutembea, kwa sababu mwenyewe ameombwa na rafiki yake amsaidie kuhama. Jambo hilo dogo ndilo nilitakalo kulieleza hapa, maana katika nchi ile aliyeamua siku ya kuhama aghalabu hakuwa mwenye nyumba, bali mfalme, kampuni, serikali au mwenye kodi, ilhali aliyeubeba mzigo, tangu zamani za kale hata leo, alikuwa rafiki.

Kabla ya migodi ya Wazungu, Walamba waliokaa nchi hiyo, na ndugu zao Wabemba wa upande wa mashariki, hawakujua kijiji kikaacho mahali pamoja milele. Walikata matawi ya miti, wakayakusanya, wakayachoma, na katika majivu yake wakapanda nafaka. Na ardhi ilipochoka, au mkubwa wa kijiji alipofariki na watu wakaona hapakaliki tena, kijiji kizima kiliondoka kikajengwa kwingine. Clement Doke aliyaandika hayo kuhusu Walamba katika kitabu chake cha 1931, na Audrey Richards akayaeleza ya Wabemba kwa urefu katika kitabu cha 1939. Wengi walioandika juu ya kilimo hicho hutazama miti na majivu tu. Mimi hunivutia zaidi neno hili, kwamba pale ambapo wote wahama siku moja, hapana msaidiwa wala msaidizi. Jembe, shoka, mikeka, vyungu na tenga la kuku vilichukuliwa vichwani. Nyumba yenyewe iliachwa, kwa kuwa fito na udongo vyapatikana kila mahali. Na kule waendako kila mmoja alimkuta mwenzake naye hana paa. Basi aliyekuwa na nafaka ya kutosha alipika pombe, akawaita watu, wakamwezekea, wakanywa, na kesho yake wakaenda kwa mwingine. Huo ndio ujima tuujuao hata sisi wa pwani, na pombe ile haikuwa ujira: mzee asiyeweza kupanda juu ya paa alikunywa sawa na kijana aliyelala na maumivu ya mabega.

Ama kuhama kwa hofu, mfano wake mkuu ni Bunkeya, mji wa mfalme Msiri, mwana wa wafanyabiashara waliotoka Unyamwezi kufuata shaba. Alipouawa tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa msafara wa Wazungu ulioongozwa na Stairs, mji ule uliokuwa na watu kwa maelfu ulitawanyika, kila ukoo ukashika njia yake.

Miaka kumi na mitano baadaye, 1906, iliundwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Reli kutoka kusini ikafika 1910, mwaka ule ule ulipopimwa mji wa Élisabethville, ambao tangu 1966 waitwa Lubumbashi. Na 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa, kwa mawe yaliyochimbwa katika mgodi wa Étoile. Watu weusi waliowekwa kwanza karibu na mji wa Wazungu hawakuachwa hapo, kwani katika miaka ya mwanzo ya 1920 mtaa wao ulihamishwa, ukawekwa ng'ambo ya uwanda mtupu wa upana wa mita 700, kwa hoja ya afya na mbu, ingawa mbu hawakusomewa amri hiyo. Mtaa huo mpya uliitwa Albert, na leo ni Kamalondo. Baadaye ikaja Kenya, isiyohusiana na nchi ya jirani zetu, kisha Katuba na Ruashi.

Wafanyakazi wa kampuni, hao walikaa kambini. Kuanzia 1928 hivi, Union Minière iliona hasara ya kuleta kila mara watu wapya wa mikataba mifupi, ikaanza kuwapa watu mikataba ya miaka mitatu, ikawaruhusu waje na wake zao, ikawajengea nyumba, ikawagawia posho kwa kadiri ya watoto. Wako wanaoisifu siasa hiyo mpaka leo, na kwa tumbo la mtoto sifa hiyo yastahili. Lakini nyumba ilikuwa mkono mmoja na kazi: kazi ikikatika, nyumba nayo imekatika. Katika dhiki ya dunia ya 1931 na 1932, kampuni ilipowapunguza watu kwa maelfu, mtu alipokea maneno mawili kwa pamoja, kuwa hana mshahara na kuwa hana paa, na muda wa kuondoka ukawa mfupi. Hapo ndipo rafiki alipojulikana. Aliyesimama mlangoni pa mtu aliyefukuzwa, akashika upande wa kitanda, alionwa na wote, na msimamizi wa kambi akiwemo.

Marafiki hao ni akina nani? Kwanza ni watu wa lugha moja, waliotoka kijiji kimoja au mto mmoja. Kisha mji ukafanya undugu wake mwenyewe. Vyama vya mbeni, vile vile vilivyocheza gwaride Mombasa na Dar es Salaam, vilifika Élisabethville katika miaka ya 1920, na zaidi ya ngoma na vyeo vyao vya kijeshi vilikuwa na kazi ya kuuguza, kuzika na kumpokea mgeni. Serikali iliona gwaride, ikaingiwa na hofu, sahani ya mgeni haikuiona. Mnamo 1953 padri Placide Tempels, aliyekwisha kuchapisha kitabu juu ya falsafa ya Kibantu 1945, alihamia upande wa Kolwezi, na kutoka kambi za wachimbaji wa huko ikazaliwa Jamaa, umoja wa waumini waliolitwaa neno letu la kawaida wakalipa maana ya udugu wa roho. Watu wa Jamaa waliitana baba na mama hata kama hawakuzaliwa pamoja, na mtu wa namna hiyo kumwambia kuwa kesho wahama ni sawa na kumwambia aje.

Baada ya vita vikuu vya pili, mkuu wa wilaya Grévisse alieneza utaratibu wa kuwakopesha wakaaji vifaa, wakajijengea wenyewe nyumba zao, na mitaa kama Katuba ikakua kwa njia hiyo. Bati, mbao na saruji vyaweza kukopwa. Mabega hayakopeshwi na ofisi. Udongo mwema kwa matofali ulitoka katika vichuguu, ambavyo katika nyanda za Lubumbashi huinuka hata kuzidi kimo cha nyumba: watu walikibomoa kichuguu, wakaukanda udongo wake, wakautia katika vibao, wakaanika na kuchoma, hata mtu akawa alala ndani ya kuta zilizokuwa jana makao ya mchwa. Kuhama kulipangwa wakati wa kiangazi, maana mvua za Novemba mpaka Machi haziachi njia wala godoro. Kukapangwa mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa imetoka. Kikatafutwa kwanza chombo, yaani mkokoteni wa jirani au kinga tatu, kisha watu, na mwisho, kwa wanawake, lile ambalo lisipopangwa yote huharibika, yaani nani atatangulia na sufuria, unga na sombe, yaani kisamvu, ili wabebaji wafikapo wakute bukari, ndiyo ugali, i tayari, na kinywaji cha munkoyo kimekwisha kuchachuka. Mzigo wa kwanza kuingia nyumba mpya, basi, mara nyingi ulikuwa wa jikoni, kabla kitanda hakijapata pembe yake.

Yaliyofuata uhuru sitayaeleza kwa urefu, kwa kuwa kuhama kwake hakukuwa na mpango. Mwaka 1961 makumi ya maelfu ya Waluba waliiacha mitaa ya Élisabethville wakakimbilia kambi chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa, na miaka ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala katika vituo vya reli wakingoja magari ya moshi. Siasa ilikuwa imewakataza marafiki wasiwe marafiki. Na hilo ndilo baya kuliko mabati yaliyong'olewa.

Union Minière ilitaifishwa 1967, ikaja kuwa Gécamines, na mwaka 2003 Gécamines iliwaaga wafanyakazi wapatao 10,000 kwa malipo ya mara moja. Miaka michache baadaye ukaja mlango mwingine wa kazi: Kinsevere, vilima vilivyojulikana zamani kuwa na shaba, vilianza kuchimbwa na Anvil Mining 2007, na 2012 mgodi ukaingia mikononi mwa kampuni ya MMG. Migodi ya namna hiyo huvuta watu, na watu huvuta kodi. Siku hizi atafutaye chumba Lubumbashi hupita kwanza kwa komisioneri, yaani dalali, alipe haki yake, kisha aweke garanti, ndiyo amana, ya miezi kadhaa kwa mwenye nyumba. Na akimaliza hayo, fedha ya kukodi gari la mizigo haipo tena. Ndiyo sababu kinga ya makala bado imo barabarani alasiri.

Kampuni zilihesabu nyumba zilizozijenga, na maofisa wakahesabu vichwa vilivyohamishwa, na majalada yao yapo. Waliobeba hawakuhesabiwa. Mwaka 1965 watu waliowahi kuwa watumishi wa nyumba za Wazungu waliandika, kwa kalamu ya André Yav na kwa Kiswahili chao wenyewe, historia ya mji wa Élisabethville kama walivyoiona wao, na wataalamu wa dunia waisoma hata leo. Basi nawaomba vijana wa Katuba, Kenya, Ruashi na Kamalondo, wakae na wazee wao jioni moja, wawaulize siku ile ya kuhama ni nani aliyeshika upande wa pili wa kitanda, na jina hilo waliandike.