«Yeye» Ni Nani? Maneno na Watu Katika Habari za Kale



Mtu akituletea habari ya ugomvi, swali letu la kwanza ni hili: «Nani alianza?» Lakini tukishika kitabu cha habari za kale, swali hilo twalisahau. Twasoma «alikuja», «walimwua», «nchi yao», nasi twapita mbio kana kwamba tumekwisha kujua ni nani. Leo natutazame maneno madogo haya. Msomaji asipoyaangalia, aweza kumbebesha marehemu tendo la mwingine, na marehemu hana kinywa cha kujitetea.

Kwanza tuitazame lugha yenyewe. Mtu asema: «Karani aliipokea barua, akafungua sanduku, akaitia ndani, akalifunga.» Barua haikutajwa mara ya pili, wala sanduku, lakini hakuna anayepotea. Ile «i» ya «akaitia» yarudi kwa barua, na ile «li» ya «akalifunga» yarudi kwa sanduku. Kila kitu chachukua alama yake, kama mizigo ya wapagazi iliyotiwa alama ya mwenyewe. Ni kweli kwamba katika Kiswahili cha miji ya Katanga alama hizo zimepungua, na «i» moja hubeba vitu vingi. Hata hivyo msikilizaji hufahamu, maana aliye mbele yake humwonyesha kitu kwa mkono au kwa macho. Karatasi haina mkono wala macho.

Tena kuna shida nyingine. Vitu vyagawanyika kwa alama nyingi, bali watu wote wana alama moja. Mfalme ni «a», askari ni «a», aliyepiga ni «a», aliyepigwa ni «a». Wakiwa wawili katika maneno yale yale, tutawatenganishaje?

Tuchukue jambo lililotokea katika nchi yetu. Tarehe 20 Desemba 1891, karibu na Bunkeya, Kapteni Omer Bodson, Mbelgiji wa msafara wa William Stairs, alikwenda kumkamata Msiri, mfalme wa Wayeke. Stairs alikuwa ametumwa na Leopold II ili nchi hii iwekwe chini ya bendera ya Dola Huru ya Kongo, na Msiri hakutaka. Sasa tuseme mtu ameandika hivi: «Bodson alifika kwa Msiri, akamwambia amfuate. Akakataa. Akashika silaha yake, akampiga, akafa.» Ni nani aliyeshika silaha? Ni nani aliyekufa? Siku ile Msiri alikufa kwa risasi ya Bodson, na Bodson naye alipigwa risasi na mtu wa Msiri, akafa. Basi maneno yale yawafaa wote wawili! Watu wa Stairs walisimulia kwamba Msiri ndiye aliyeushika upanga kwanza. Wayeke nao wana masimulizi yao. Hukumu yote, kwamba aliyefyatua bunduki alijilinda au aliua, yategemea herufi moja, «a», na mtu tunayemweka nyuma yake. Mwandishi mwenye haki hataiacha herufi hiyo peke yake. Atataja jina, hata kama masikio yatachoka kulisikia.

Lakini jina nalo lina mitego yake. Mtego wa kwanza: mtu mmoja, majina mengi. Frederick Stanley Arnot, aliyefika Bunkeya mwaka 1886, aliandika «Msidi». Dan Crawford aliandika «Mushidi». Daktari Joseph Moloney, aliyesafiri pamoja na Stairs, aliandika «Msiri». Wayeke wenyewe wamjua pia kwa majina ya Ngelengwa na Mwenda. Mwanafunzi asiyeangalia angeweza kuhesabu wafalme watano mahali alipotawala mmoja.

Mtego wa pili: jina moja, mambo mengi. Katanga lilikuwa jina la chifu katika nchi ya shaba, kisha likawa jina la nchi yenyewe. Mwaka 1900 likatiwa katika jina la Comité Spécial du Katanga, chama kilichopewa mamlaka ya kuisimamia nchi hii, ambacho Lukafu yetu, karibu na milima ya Kundelungu, ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Baadaye likawa jina la jimbo. Mwaka 1971 jimbo likaitwa Shaba, mwaka 1997 likarudia jina la Katanga, na mwaka 2015 likagawanywa kuwa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kwa hiyo ukisoma «watu wa Katanga», tazama kwanza mwaka ulioandikwa. Bila mwaka hujui mipaka, na bila mipaka huwajui watu.

Hivyo hivyo «Bula Matari», yaani mvunja mawe. Lilikuwa jina la Stanley, alilopewa kule Kongo ya chini. Halafu likawa jina la Serikali na la kila mkubwa wake. Stanley alikufa mwaka 1904, lakini Bula Matari aliendelea kutoza kodi! Na «boma» je? Huku kwetu ni ngome au ofisi ya mkubwa. Lakini Boma ulikuwa pia mji mkuu wa Kongo tangu mwaka 1886, mbali sana upande wa bahari ya magharibi. Kwenye karatasi herufi kubwa yawatenganisha. Masikioni ni neno moja tu.

Sasa tulifikie neno zito kuliko yote: «wao». Husemwa: «Wazungu walikuja wakamwua mfalme wa watu wa Katanga.» Katika msafara wa Stairs Wazungu walikuwa watano. Waafrika, wapagazi na askari, walipita 300, na wengi wao waliandikwa kazi Unguja na pwani, wakisema Kiswahili hiki hiki tunachokiandika. Nao wamo katika «wao» ya wenye kuja? Na kwa upande wa pili, Wasanga walikuwa wamekwisha kumwasi Msiri kabla Stairs hajafika, maana Wayeke walitoka upande wa Unyamwezi na Usumbwa wakawatawala. Je, «mfalme wetu» kinywani mwa Myeke na kinywani mwa Msanga ni maneno yenye uzito mmoja? Hatusemi hivi ili kuwapunguzia mzigo waliotumwa na Leopold. Twasema kila mtu na abebe mzigo wake, wala usirushwe ovyo juu ya «wao».

Mfano wa mwisho watoka mjini. Mwaka 1965 ilitolewa Elisabethville, mji ulioitwa Lubumbashi mwaka uliofuata, hati yenye jina la Kifaransa, «Vocabulaire», iliyokusanywa na André Yav. Ni habari za mji huo kwa Kiswahili cha Katanga, kama walivyozikumbuka watu waliotumika nyumbani mwa Wazungu. Maneno yake hayakutengwa kama tulivyozoea, wala alama za kusimama si nyingi. Johannes Fabian alipoitengeneza ili ichapwe kitabuni mwaka 1990, Kalundi Mango alimsaidia kwa kuisoma kwa sauti. Sauti ya mtu aliyezaliwa katika lugha ile ilionyesha neno laanzia wapi na laishia wapi. Walioiandika hawakukosa akili: waliwaandikia wenzao, na wenzao walijua «bwana yule» ni bwana gani. Sisi tuliokuja nyuma ndio tunaohitaji msaada.

Basi, ndugu, wazee wangalipo, twendeni tukaandike habari zao. Mzee akisema «yule», tumwulize kwa heshima: «Yule nani, baba?» Akisema «walituhamisha», tuulize: «Ni akina nani, kutoka wapi, mwaka gani?» Tuyaandike majina yote aliyoitwa mtu mmoja. Kazi hii yachosha, lakini wajukuu zetu hawatakuwa na wa kumwuliza.