Daktari aliyepigania kompyuta zetu kuukuu

Wasee, wiki jana hapa Kendu Bay nilikuwa natengeneza video kwa laptopu yangu ya mtumba, na siz naye anataka kutuma fomu ya chuo kabla ya saa sita usiku. Mashine ikaganda. Alibonyeza mpaka akaanza kuniita majina yangu yote matatu. Nikaandika amri moja, renice, na nambari 19. Video ikaanza kujikokota, fomu ikasonga.

Iko hivi. Kiini kimoja cha prosesa hufanya kazi moja kwa wakati. Ukiona kila kitu kinaenda pamoja, ni kerneli inakata muda vipande vidogo sana na kuzigawia programu kwa zamu, kama bodaboda pale steji. Fernando Corbató wa MIT alionyesha mfumo wa hivyo, CTSS, Novemba 1961. Kabla ya hapo ulikuwa unapeleka kadi zako na kungoja masaa. Miaka ya 1970 Unix ikaleta wito wa mfumo unaoitwa nice, yaani muungwana. Kwa Linux ya leo ngazi ni -20 hadi 19, na nambari ikipanda, zamu yako inapungua. Yeyote anaweza kujishusha. Kujipandisha mbele ya wengine ni ruhusa ya msimamizi wa mashine. (Foleni za ofisi zetu zingekuwa hivyo, aki!)

Sasa, mwenye namheshimu zaidi ni Con Kolivas, daktari wa nusukaputi huko Australia. Hakusomea kompyuta. Alikasirika kuona Linux inaboreshwa kwa ajili ya seva kubwa huku mashine ya mtu wa kawaida ikikwama ukicheza wimbo tu. Machi 2007, mwezi uleule M-Pesa ilizinduliwa, akatoa mratibu mpya wa zamu uliojengwa juu ya haki: kila programu ipate fungu lake. Mwezi uliofuata Ingo Molnár, mkongwe wa kerneli, akaja na wake, CFS, na akakiri wazi kwamba wazo la haki lilitoka kwa Kolivas. Linus Torvalds akachagua CFS. Ikaingia toleo la 2.6.23, Oktoba 2007. Kolivas alikuwa ameshajitoa.

Torvalds alisema anataka mtu atakayepokea malalamiko ya watumiaji na kurekebisha, si wa kubishana nao. Hapo namwelewa, kidogo. Lakini CFS ilidumu mpaka toleo la 6.6 mwaka 2023, na kwa kuwa Android inakaa juu ya Linux, mamilioni ya simu za bei ya chini zilipanga zamu zao kwa wazo lililosukumwa na daktari ambaye kodi yake haikuchukuliwa. Mimi naona alidhulumiwa, hata kama hakuna aliyeiba kitu.

Alirudi 2009 na mratibu mwingine, BFS, nje ya kerneli rasmi. Bado kwa watu wa mashine ndogo.

Fomu ya siz iliingia saa tano na dakika hamsini na moja. Video yangu iliisha asubuhi.